Kocha Akikaa Sana

Kabla sijaenda mbali nawaomba msinicheke. Najua wengi wenu mtasema, "Msichana na kandanda, wapi na wapi?" Nami nawajibu kwamba katika nyumba yetu mtaani Bondeni, hapa Nakuru, mtu asiyejua kandanda hupata taabu hata ya kuomba chumvi mezani, kwa kuwa hakuna atakayemsikia. Baba ni shabiki wa Arsenal. Kaka yangu ni shabiki wa Arsenal. Mama hudai kwamba yeye hana timu, lakini Arsenal ikifungwa hapiki chapati, ati hakuna wa kuzila. Mapenzi haya mimi sikuyachagua. Niliyakuta nyumbani kama nilivyoikuta meza na viti.

Baba ni fundi wa baiskeli, na kwa miaka mingi jioni zake zilikuwa za mpira. Tangu mwaka wa 2003 alikuwa akiwafunza vijana wa timu ya mtaa wetu bila malipo, bila hata nauli. Likumbukeni jambo hilo, maana nitalifikia baadaye.

Leo nataka kuzungumzia uchungu wa shabiki anayempenda kocha wake na papo hapo anataka aondoke. Uchungu huo si chuki. Mtu unayemchukia ukimwona anashindwa unafurahi na kwenda zako. Lakini mtu aliyekupa furaha kubwa, kisha mwaka baada ya mwaka akawa anakupa aibu, huyo utamfanya nini? Ukinyamaza roho inakuuma. Ukisema unaitwa mtovu wa shukrani. Nimeusikia ugomvi huo nyumbani tangu nikiwa mdogo, na mtu aliyeuleta alikuwa mzee Mfaransa ambaye hata hajui kama Bondeni ipo. Jina lake Arsène Wenger.

Kwa wale wasiomjua, Wenger alifika Arsenal mwaka wa 1996 akitoka Japani, alikokuwa akifunza klabu ya Nagoya Grampus Eight. Waingereza wengi walikuwa hawamjui hata kwa jina. Akabadilisha chakula cha wachezaji, akabadilisha mazoezi, na mwaka wa 1998 akatwaa Ligi Kuu na Kombe la FA kwa pamoja. Mwaka wa 2002 akavitwaa vyote viwili tena. Kisha ukaja msimu wa 2003 hadi 2004, ambao baba huusimulia kama mtu anayesimulia harusi yake. Arsenal ilicheza mechi 38 za ligi, ikashinda 26, ikatoka sare 12, na haikushindwa hata moja. Mechi ziliendelea kuhesabiwa mpaka zikafika 49 bila kushindwa, ndipo Manchester United wakaukata uzi huo Oktoba 2004.

Baba huniambia kwamba yeye aliingia Arsenal kwa sababu ya Nwankwo Kanu, yule Mnaijeria mrefu kama mnazi. Mwaka wa 1999 Arsenal ilikuwa nyuma kwa mabao 2 ugenini kwa Chelsea. Katika dakika 15 za mwisho Kanu akafunga matatu peke yake. "Mwanangu," baba husema, "siku hiyo niliona Mwafrika akicheza mbele ya ulimwengu mzima na kocha wake akimwamini." Baadaye wakawapo Lauren kutoka Kamerun na Kolo Touré kutoka Kodivaa. Kwa hivyo kwa baba, Wenger alikuwa mtu aliyewafungulia watu wetu mlango.

Sasa msikilizeni kaka. Yeye alizaliwa mwaka wa 2000. Alipoanza kuelewa mpira, mataji yalikuwa yamekwisha. Arsenal ilikuwa imehamia uwanja mpya mwaka wa 2006, uwanja wa watu kama 60,000, na deni la uwanja huo likaifanya klabu iwe ya kubana matumizi. Wachezaji bora wakawa wanaondoka. Thierry Henry akaenda Barcelona mwaka wa 2007. Cesc Fàbregas akamfuata huko mwaka wa 2011. Robin van Persie, aliyekuwa nahodha, aliuzwa mwaka wa 2012, na tena kwa nani? Kwa Manchester United! Mwaka uliofuata United wakawa mabingwa, na wachezaji wa Arsenal wakapanga mistari miwili nyumbani kwao wenyewe kumpigia makofi van Persie akipita. Jamani, kuna aibu inayozidi hiyo?

Kumbukumbu ya kwanza ya kaka kuhusu Arsenal ni Agosti 2011, siku ya mabao 8 kwa 2 kule Old Trafford. Alikuwa na miaka 11. Baba alikuwa amemlipia shilingi ishirini waingie kwenye ukumbi wa video, na kaka anasema walitoka kabla kipenga hakijalia, baba akitembea mbele bila kusema neno hadi nyumbani.

Basi mmeona tatizo lilipo. Watu wawili wa nyumba moja, timu moja, kocha mmoja, lakini kila mmoja ana Wenger wake. Baba alimjua wakati anajenga. Kaka alimjua wakati anaziba nyufa. Hakuna aliyekuwa mwongo.

Sisi wa shule ya kutwa hurudi nyumbani kila jioni, kwa hivyo mimi sikukosa hata kipindi kimoja cha ugomvi huo. Ulikuwa ni wa methali kwa methali, mngedhani ni mashindano ya chama chetu.

"Fadhila za punda ni mateke," baba alikuwa akisema. "Huyo mzee amewalisha miaka yote, leo mnamtupia mawe."

"Lakini baba, la kuvunda halina ubani," kaka alijibu, ingawa kwa sauti ya chini, maana kuna mipaka.

"Mwaka wa 1989 mashabiki wa Manchester United waliinua bango wakitaka Alex Ferguson aondoke. Mwaka wa 1990 akachukua Kombe la FA, na baada ya hapo mnajua alichokifanya. Wangemfukuza je?"

"Ni kweli baba, lakini Ferguson aliondoka mwenyewe mwaka wa 2013 akiwa na taji la ligi mkononi. Alijua siku ya kuondoka ni ipi. Huyu wetu hajui."

Hapo mama huingilia kati. "Nyinyi wawili, huyo Mzungu mnayemgombania atawalipia karo?" Kisha sote tunacheka, na ugomvi unaahirishwa mpaka Jumamosi nyingine.

Kilichomuumiza kaka zaidi ya mabao 8 kilikuwa msimu wa 2015 hadi 2016. Mwaka huo vigogo wote waliteleza, njia ikawa nyeupe. Arsenal iliifunga Leicester City nje na nyumbani, 5 kwa 2 kisha 2 kwa 1. Halafu nani akawa bingwa? Leicester hao hao! Arsenal ikamaliza ya pili, pointi 10 nyuma. Kaka aliniambia kwamba siku hiyo ndipo alipokata tamaa kabisa. Alisema kushindwa na tajiri anaweza kuvumilia, lakini timu ndogo imepita mlango ambao wewe ulikuwa umesimama karibu nao miaka yote, je, utamwambia nani kwamba tatizo ni pesa?

Nami naona kwamba uchungu wa shabiki haukutokana na kushindwa tu. Arsenal haikuwa timu mbovu. Kwa misimu 20 mfululizo chini ya Wenger ilimaliza katika nne bora. Ilichukua Kombe la FA mwaka wa 2014, 2015 na 2017. Uchungu ulikuwa wa kujua mwisho wa hadithi kabla haijaanza. Kila Agosti matumaini, kila Novemba majeruhi, kila Machi kipigo Ulaya, kila Mei nafasi ya tatu au ya nne. Bayern Munich waliifunga 5 kwa 1 Februari 2017, na mechi ya marudiano nyumbani London wakaifunga 5 kwa 1 vile vile, jumla 10 kwa 2. Mtu hulia akipatwa na jambo asilolitarajia. Akipatwa na jambo alilolitarajia halii, hukasirika.

Hasira hiyo ikafika mbali. Machi 2017 Arsenal ilipocheza na West Bromwich, ndege ilipita juu ya uwanja ikivuta bango la kumtaka Wenger aondoke. Baadaye kidogo ikapita ndege nyingine ikivuta bango la kumtetea! Kaka na baba, nawaambia, walikuwa angani siku hiyo. Hata Zimbabwe, Novemba 2017, watu walipoandamana kumtaka Robert Mugabe ang'atuke baada ya miaka 37, kulionekana bango la kumtaka Wenger naye aondoke. Watu walicheka, lakini mimi nilipokuja kulisikia jambo hilo baadaye sikucheka sana. Aliyelibeba bango lile aliona kwamba ugonjwa wa kukaa sana ni mmoja, uwe Ikulu au uwanjani.

Tarehe 20 Aprili 2018 Wenger alitangaza kwamba mwisho wa msimu angeondoka, mwaka mmoja kabla mkataba wake kwisha. Nilikuwa bado shule ya msingi lakini nakumbuka nyumba ilivyokuwa. Nilidhani kaka angeruka kwa furaha. Hakuruka. Alikaa kimya akiangalia runinga, picha za Highbury za zamani, Henry anakimbia, Bergkamp anageuka. Mechi ya mwisho nyumbani walishinda Burnley 5 kwa 0, na klabu ikampa Wenger kombe la dhahabu la ule msimu wa kutoshindwa. Aliposhika kipaza sauti, kwanza alimtakia afya njema Alex Ferguson, mpinzani wake wa miaka yote, aliyekuwa mgonjwa hospitalini. Uwanja mzima ukampigia makofi. Watu wale wale waliokuwa wakiacha viti vitupu kwa hasira! Kaka akasema, "Huyu mzee angetoka miaka minne mapema tungemlilia zaidi." Baba hakumjibu.

Baba alipata majibu yake baadaye. Aliyekuja baada ya Wenger, Unai Emery, alifutwa kazi Novemba 2019. Msimu wa 2019 hadi 2020 Arsenal ikamaliza ya 8, na uliofuata ikamaliza ya 8 tena, ingawa Mikel Arteta alikuwa ameshinda Kombe la FA mwaka wa 2020. "Mkataa pema pabaya panamwita," baba alisema, tena kwa furaha isiyomfaa shabiki. Kwa hiyo nani alikuwa sawa? Kila mmoja alijihesabia ushindi.

Sasa nifikie lile nililowaambia mlikumbuke.

Mwaka wa 2022 timu ya mtaa wetu ilikuwa imeanza kuchoka. Vijana walinung'unika kwamba baba anawazungusha uwanja mara 20 kabla hawajagusa mpira, kama alivyowafanyia wenzao wa 2003. Walisema mshambuliaji wake ni mtu wa miaka 34 asiyekuja mazoezini. Walisema mpira ni ule ule wa kupiga mbele tu, piga, kimbiza. Kaka alikuwa kiungo katika timu hiyo. Jioni moja vijana watatu walikuja na barua ya ukurasa mmoja. Walimshukuru baba kwa kila jambo, wakataja hata viatu alivyowanunulia, kisha wakaomba apumzike. Wachezaji 14 walitia sahihi. Sahihi ya tatu ilikuwa ya kaka.

Ndipo nilipoelewa kwa nini baba alimtetea Wenger kwa nguvu zote zile. Miaka yote alikuwa akijitetea mwenyewe.

Baba hakupiga kelele. Aliikunja barua, akaiweka mfukoni, akaendelea kunyoosha gurudumu la mteja. Lakini kwa wiki nzima yeye na kaka hawakusemezana. Kaka akiingia sebuleni, baba alitoka kwenda kuangalia kuku. Mama alijaribu kila hila, hata chapati za katikati ya wiki. Wapi! Nyumba iliyozoea kelele za mpira ikawa kimya kama msibani, na mimi niliogopa, kwa sababu ugomvi wa Wenger ulikuwa na mwisho wa kucheka, lakini huu sikuuona mwisho wake.

Mimi nilikuwa mwandishi wa timu. Kila mechi ilipokwisha niliandika matokeo katika daftari kubwa ambalo kurasa zake za mwanzo ni mwandiko wa baba mwenyewe. Jumapili usiku aliniita.

"Mama, lete daftari. Nisomee mwaka huu."

Moyo ulinidunda. Nilisoma zote. Mechi 16, tumeshinda 3, sare 4, tumefungwa 9. Sikupunguza wala sikuongeza.

"Sasa nisomee 2009."

Nikamsomea mwaka huo, na karibu kila mstari ulikuwa wa ushindi. Alinyamaza muda mrefu akikuna kidevu. Halafu akasema, "Hawa watoto wameandika kwa adabu. Mimi ningekuwa wao nisingengoja mechi 16." Akanyamaza tena. "Shida ni moja tu. Nikitoka leo, nani atawafunza? Sikumwandaa mtu."

Neno hilo sijalisahau. Miaka 19 na hakumwandaa mtu! Si kwa ubaya. Alikuwa akifanya kila kitu mwenyewe, kuanzia kuchora mistari ya uwanja hadi kufua jezi, na mtu anayefanya kila kitu mwenyewe huanza kuamini kwamba bila yeye hakuna kitu. Wanaomzunguka nao huzoea. Wakubwa wa mtaa hawakuwahi kumuuliza, "Fundi, msaidizi wako ni nani?" Walifurahi tu kwamba kazi inafanyika bure.

Kesho yake alimwita kaka, wakaongea nje karibu na banda la kuku. Sikusikia walichosema. Nilichokiona ni kwamba waliingia pamoja, na kaka akamsogezea baba kiti. Baba alikubali kumaliza mwaka, na kwa miezi iliyobaki alikwenda uwanjani na golikipa wake wa zamani, ambaye sasa ni makanga, akamwonyesha kila kitu. Januari 2023 akamkabidhi kipenga mbele ya wachezaji wote. Vijana walichanga wakamnunulia kiti cha plastiki chenye mikono, wakakiweka pembeni mwa uwanja, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukikalia.

Msidhani timu ilianza kushinda papo hapo. Mechi ya kwanza ya kocha mpya walifungwa 4 kwa 0. Jioni hiyo baba alimtazama kaka mezani, kaka akamtazama baba, kisha wote wawili wakaangua kicheko mpaka mama akawauliza kama wamekunywa kitu.

Na Wenger je? Julai 2023 Arsenal ilimsimamishia sanamu nje ya uwanja wao, ameinua kombe la ligi juu. Bila shaka wapo mashabiki waliowahi kubeba mabango ya kumfukuza ambao leo wanasimama chini ya sanamu hiyo wapigwe picha. Watu wengine huwaita wanafiki. Mimi siwaiti hivyo. Walimtaka aondoke kwa sababu walikumbuka alivyokuwa, na wanampiga picha kwa sababu hiyo hiyo.

Basi ndugu zangu, ninawaachia maneno machache. Ewe shabiki, una haki ya kuchoka. Sema, lakini sema kama wale vijana 14, kwa barua yenye sahihi na shukrani, usiseme kwa matusi. Ewe unayeongoza, uwe kocha, mwenyekiti au kiranja, usingoje ndege ipite juu ya kichwa chako ndipo ujue siku zimekwisha. Uliza mapema, na usomewe daftari lote. Nanyi wakubwa wa timu, mzee akifanya kazi nzuri miaka mingi, mpeni msaidizi mapema. Mkimwacha peke yake mpaka achoke mbele za watu, lawama ni yenu kuliko yake.

Hata viongozi wa chama chetu cha Kiswahili, ambao baadhi yao wanaingia kidato cha nne, nawauliza kwa heshima zote: msaidizi wako ni nani?